Kumfuata Karani wa Forodha: Kutoka Posta Hadi Machui na Adili Mkononi

Tumesharudi Tandika, nguo zimefuliwa na mchanga umekung'utwa kwenye begi. Haya nimeyaandika kutoka kwenye daftari langu la nauli na picha za simu, kwa sababu kila niliyemwambia kwamba tulikwenda kufuata nyayo za Shaaban Robert hadi kwao Tanga ameniuliza maswali yaleyale: mlipita wapi, shilingi ngapi, na huko kuna nini?

Mwenzangu safarini alikuwa mtoto wa kaka yangu, bwana mdogo wa miaka kumi, aliyeletwa kwangu likizo ya mwezi wa sita. Jioni baada ya kula nilikuwa namsomea Adili na Nduguze, kurasa chache kwa siku, kutoka nakala yangu ya tangu sekondari ambayo jalada lake lilishakwenda na maji. Kwa aliyesahau: Adili, liwali wa Janibu, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa kijicho. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, alimtoa majini, akawageuza nduguze manyani na kumwamuru awachape kila usiku. Mtoto alinaswa na manyani. Mimi nilinaswa na kingine, na hapo ndipo kazi yangu inapoingia.

Mimi ni wakala wa forodha. Kutwa nzima ni nyaraka za mizigo, ushuru, na simu za wateja wanaouliza kontena lao limekwama wapi. Sasa tazama hadithi inavyoanza. Kodi ya Janibu haijafika kwa Mfalme Rai wa Ughaibuni. Mfalme anamtuma Saburi akaifuatilie. Saburi anafikia kwa Adili, na usiku anayaona mambo ya manyani kwa macho yake. Kodi ingefika kwa wakati, hadithi isingekuwepo! Na aliyeiandika, Shaaban Robert, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akatoka 1944. Shuleni tuliisoma kama hadithi ya wema na wivu, tukajibu maswali ya wahusika na dhamira, tukafaulu. Hakuna aliyeniambia kwamba imetoka kwa mtu wa kaunta ya ushuru.

"Shangazi, huyu aliyetunga alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwambia alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, huko Tanga, mwaka 1909.

"Basi linafika?"

ALHAMISI: POSTA

Kabla ya kwenda kwao, niliona tupite kwanza kwenye mji uliompa mtaa. Daladala ya Tandika kwenda Posta, 600 kila mtu. Konda alimtazama bwana mdogo juu hadi chini, hana sare, hana kitambulisho, akanyoosha mkono. Mwenye mtoto wa shule asiache kitambulisho nyumbani. Nauli ya mwanafunzi ni 200, na ukizunguka mjini na watoto watatu utaiona tofauti.

Mtaa wa Shaaban Robert una vivuli vizuri, wa kutembea kwa miguu. Juu yake kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, ambako vijana wanafundishwa hesabu, bima na kodi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Karani wa ushuru kapewa mtaa, na mtaani kwake wanafundisha kodi. Sidhani kama aliyepanga alikusudia. Niliwauliza wanafunzi wawili waliokuwa wananunua karanga kama wanamjua mwenye jina la mtaa. Mmoja akasema mshairi. Wa pili akasema, "Si ndiyo ile shule ya Upanga?" Naye hakukosea, shule ipo.

Aliyetushangaza ni mlinzi wa geti moja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa anasikiliza tu. Akaweka kirungu chini, akasimama wima, akatusomea kwa kichwa shairi zima la Shaaban Robert, beti hadi beti, vina havikuyumba hata kimoja. Watu wawili watatu wakasimama. Alipomaliza akachukua kirungu chake akarudi kitini. Nikamwomba picha, akakataa: "Niko kazini, dada."

Makumbusho ya Taifa yako mtaani humohumo, na bwana mdogo alikuwa na ajenda yake: fuvu la Zinjanthropus alilolisikia darasani, lile ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, na magari ya zamani ya viongozi yaliyohifadhiwa pale yalimshika kuliko fuvu. Ng'ambo kuna Bustani ya Mimea yenye tausi wanaotembea bila haraka. Kama una mtoto, panga nusu siku kwa hivyo viwili na usiahidi kitu kingine.

Mimi niliahidi kitu kingine. Nilitaka nakala safi ya Adili ya kumpa. Duka la kwanza, Samora, binti wa kaunta alisema Kusadikika ipo, Adili imeisha. Duka la pili wakanionyesha vitabu vya mitihani, maswali na majibu. Nilikuja kuipata kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai kando ya njia. Ina mhuri wa shule moja ya mkoani na jina la mtoto aliyeisoma zamani, limeandikwa kwa kalamu ya risasi kwa mwandiko wa kuinamia. Alianza elfu nane, tukaelewana elfu tano. Ukikosa kabisa, pita Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Ipo pale tangu 1967 na ina sehemu ya watoto.

Chakula cha mchana kwa mama ntilie, wali, maharage na kipande cha samaki, 3,500 sahani. Bwana mdogo alimaliza yake na nusu ya yangu.

IJUMAA: MSIMBAZI

Sehemu hii ndiyo ambayo wengi wa Dar hawaijui. Shaaban Robert alisoma hapa mjini kwetu, shule ya Msimbazi, kati ya 1922 na 1926. Alikuja na miaka kumi na tatu. Alipomaliza alishika nafasi ya pili katika watahiniwa 11.

Hebu fikiria Dar ya mwaka ule. Vita ya kwanza ya dunia imekwisha juzi tu, Mjerumani kaondoka, Mwingereza ndiye mwenye serikali, na Kariakoo, ambako jeshi liliweka kambi ya wapagazi, inakatwa viwanja vya Waafrika. Mtoto wa Tanga anaingia humo, anajifunza mwandiko wa ofisini na hesabu. Huo mwandiko ndio uliompeleka forodhani.

Tuliutembea Mtaa wa Msimbazi wote, kutoka upande wa Gerezani kwenda juu. Niwe mkweli, hakuna kitu cha kuona kinachohusu shule hiyo. Utaona vitambaa, vyombo, spea za pikipiki, na msukuma mkokoteni anayekupigia mluzi umpishe. Kwenye baraza moja wazee walikuwa wanakunywa kahawa na kashata. Tukaamkia, tukakaribishwa kwenye benchi, na kahawa tukalipiwa na mzee ambaye hata jina hatukuulizana. Nilipotaja mwaka 1922 akatikisa kichwa.

"Mimi nimezaliwa hapahapa mwaka hamsini na mbili. Hayo ya ishirini na mbili, mama, waulize walioko Kisutu." Alimaanisha makaburini.

Bwana mdogo akamnong'oneza, kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia, kwamba Adili na Nduguze nayo imezaliwa mwaka hamsini na mbili. Ni kweli, kilichapwa London na Macmillan mwaka 1952. Wazee wakacheka sana. Mzee akawa "pacha wa Adili" mpaka tunaondoka, na akataka asimuliwe hadithi yenyewe, kwa kuwa aliisoma zamani na kilichobaki kichwani ni nyani tu. Akasimuliwa. Kahawa ya pili ikaja.

Kwa bwana mdogo kilele cha siku kilikuwa jengo la klabu ya Simba. Kwao wote ni Wekundu wa Msimbazi, na hapo ndipo Msimbazi penyewe. Akapigwa picha tano.

"Kwa hiyo Shaaban Robert alikuwa Simba."

"Simba imeanzishwa 1936. Huyu kaondoka 1926."

Akafikiri. "Angekuwa Simba."

Ijumaa mchana Kariakoo hapapitiki, watu wanakwenda msikitini na magari yanasimama popote. Tuliburuzana hadi kwa muuza supu ya pweza, bakuli 2,000 na mihogo ya kukaanga pembeni. Tiketi ya basi nilikata kwa simu hapohapo kwenye benchi, 17,000 kwa kichwa, daraja la kawaida. Kata kwa simu. Ukifika stendi bila tiketi, wapiga debe watakuvuta mkono huu na huu.

JUMAMOSI: MBEZI HADI TANGA

Tuliamka saa tisa na nusu usiku. Kutoka Tandika hadi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ni mbali, na daladala za muda huo si za kutegemea ukiwa na mtoto na begi, kwa hiyo nilimlipa kijana wa bajaji wa mtaani 20,000. Tiketi ilisema saa kumi na mbili. Basi liliondoka saa moja na dakika arobaini. Sababu zilikuwa nyingi, kila aliyeuliza alipewa yake. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele yetu alikuwa na kikapu cha maandazi ya kupeleka kwenye shughuli Muheza. Kwenye saa moja hivi alikifungua, akasema shughuli ina maandazi mengine, akagawa safu mbili za viti. Baba wa upande wa pili akampisha bwana mdogo dirishani na kukaa kwenye kiti chake cha njiani safari nzima, na miguu yake mirefu ile.

Kibaha, Mlandizi, Chalinze: foleni ya malori, basi linatambaa. Chalinze mnaacha barabara ya Morogoro na kukata kulia, na hapo ndipo unahisi kweli umetoka mjini. Lugoba, Msata, kisha mteremko wa Wami. Siku hizi kuna daraja jipya. Wanaokumbuka lile la zamani, jembamba, magari yakisubiriana huku abiria wakisoma dua, wataelewa kwa nini nusu ya basi iligeuka kulitazama kwa chini.

Mkata tulisimama dakika kumi na tano za chakula zikawa arobaini. Chipsi kavu 2,500, chai 500. Chagua mihogo au mahindi ya kuchoma kwa akina mama wa nje, ni ya moto na wana chenji.

Baada ya Kabuku yanaanza machungwa. Mwezi wa sita ndio wake, na kuanzia Michungwani hadi Muheza wauzaji wanakimbia na basi, mafungu yamening'inia kwenye nyavu. Nilinunua wavu mmoja 3,000 dirishani, nusu tukala kabla ya Segera. Segera ni njia panda: kushoto Korogwe, Moshi, Arusha, kulia Tanga. Hapo basi lilipumua kidogo, halafu Hale, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, Muheza ambapo mama wa maandazi alishuka na kutuombea dua ndefu, na Pongwe. Kange, stendi ya Tanga, tuliingia saa tisa na nusu alasiri.

Njiani nilimsomea bwana mdogo sehemu ya mji uliogeuzwa mawe, pale Adili anapomkuta Ikibali peke yake akiwa hai. Niliposhusha kitabu nikaona baba mwenye miguu mirefu kainama anasikiliza. "Endelea basi," akasema.

Kange iko nje ya mji. Bajaji hadi Ngamiani 4,000, ukipatana. Mitaa ya Ngamiani ina namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea, kwa hiyo mgeni hapotei hata akitaka. Gesti safi yenye chandarua na feni, 25,000 kwa usiku, kifungua kinywa hakimo. Usiku tulikula chapati na samaki wa kupaka kando ya barabara, na kila tuliyeongea naye alipojua tumetoka Dar alituuliza kama kweli tutaondoka. Tanga, waja leo waondoka leo. Wenyewe wanapenda kukukumbusha.

JUMAPILI: MACHUI

Machui iko kusini mwa mji, upande wa njia ya Pangani. Nilipatana na kijana wa bajaji 30,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Nilipotaja jina hakuuliza ramani. "Kwa mzee Shaaban? Twende."

Ukishaacha barabara kubwa kuelekea baharini ni njia ya vumbi, minazi na mikorosho, mbuzi, watoto wenye madumu. Kijana alisimamisha bajaji mara mbili kusalimia watu, na mara ya tatu kumpakia bibi aliyekuwa anarudi na mzigo wa kuni. Kumbe bibi huyo ndiye atakayetulisha mchana.

Mambo mawili kwa atakayekwenda. Kwanza, hapa ni kijiji cha watu, na kaburi la Shaaban Robert, lililoko hapa, ni la wenyewe. Fika kwa wazee wa mahali, amkia, sema umetoka wapi na unataka nini, subiri. Hatukusubiri hata robo saa, lakini ile robo saa ndiyo adabu yenyewe. Pili, vaa nguo ya heshima, na kama wewe ni Mwislamu ujue la kusoma. Tulisoma Fatiha. Picha za makaburini sikupiga, kwa hiyo msinidai.

Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962, Tanganyika ikiwa na miezi michache tu ya uhuru. Bwana mdogo aliyahesabu hayo kwa vidole, kisha akauliza kwa nini hawakumzika Dar, kwenye mtaa wake. Bibi wa kuni akamjibu kabla yangu: "Mtu huzikwa kwao, baba. Mtaa watampa popote."

Barazani alikuwepo babu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Alipoona kitabu akakishika, akaangalia mhuri wa shule, akakirudisha kwa bwana mdogo. "Haya, nisimulie wewe." Mtoto alikuwa na mazoezi ya Msimbazi, akaanza kwa mbwembwe. Alipofika kwenye manyani akaruka moja kwa moja kwenye viboko. Babu akamkata.

"Ngoja. Aliyekuja akawaona ni nani? Kafuata nini?"

"Saburi. Kafuata kodi."

"Usimruke Saburi. Hadithi ina mlango wake."

Nilitamani kumkumbatia yule mzee. Nimekaa na wazo langu la kodi wiki nzima nikidhani ni la kwangu.

Halafu akamuuliza: wewe ungekuwa Adili, wangekutosa baharini ndugu zako, ungewaombea warudi kuwa watu? Bwana mdogo, bila kusita: "Ningewaacha nyani." Baraza likalipuka. Kijana wa bajaji alikubaliana naye kabisa, ana kaka yake wa kugombania shamba. Bibi akasema watoto wa siku hizi wana moyo mgumu. Ukawa mjadala wa kweli, na nikaona niwaeleze ninalolijua. Hadithi yenyewe Shaaban Robert hakuitoa hewani. Ina shina lake katika Alfu Lela Ulela, ambamo walioadhibiwa waligeuzwa mbwa, na mwisho wake ni wa damu: nduguze hawakuacha uovu. Yeye akawafanya manyani, na mwisho akaubadilisha. Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanapatana na ndugu yao. Mtu alikuwa na mwisho mkononi, umeshatengenezwa, umekubaliwa na watu karne na karne, akaamua hapana. Nadhani hapo ndipo hadithi ilipokuwa yake.

Babu akasikiliza, akasema: "Kafanya vyema. Mbwa tunao hapa, hatungeshangaa."

Chakula kilikuwa wali wa nazi, mchicha na dagaa, na dafu kwa kila mtu. Hela bibi alikataa katakata, akaniuliza kama mama yangu angenilipisha. Kwa bahati nilikuwa na kilo mbili za sukari na miche ya sabuni kwenye begi. Hivyo alivipokea kwa mikono miwili. Mchana tulishuka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, wanawake wanarudi na ndoo. Bwana mdogo alitaka kujua kama Adili alitoswa hapo. Nikamwambia Janibu haimo kwenye ramani yoyote. Kijana wa bajaji akamwambia asinisikilize, akamwonyesha kwa kidole mkondo ulioko mbele kidogo na kumhakikishia kuwa ni palepale.

JUMATATU: PANGANI

Hii nilijipangia mimi. Mtoto alifuata kwa ahadi ya kivuko.

Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, nauli 5,000, na gari linajaa hadi mlangoni. Sitaielezea barabara, kwa sababu kazi za ujenzi zilikuwa zinaendelea sehemu sehemu na mtakaofuata mtaikuta tofauti.

Pangani mji wenyewe ni mlango wa mto. Upande huu nyumba za zamani, ofisi za wilaya, maghala yaliyochakaa kuta; ng'ambo ni Bweni. Hapa Bushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani mwaka 1889 baada ya vita yake. Na hapa, miaka 37 baadaye, kijana mwenye miaka kumi na saba kutoka shule ya Msimbazi alianza kazi ya ukarani wa forodha.

Nilikaa kwenye ukuta wa mtoni nikiangalia boti zikishusha mizigo. Wengine mtaona hakuna kitu. Mimi ndiyo kazi yangu, hata kama yangu ni ya kompyuta na kreni. Karani anapokea karatasi ya mzigo, anaangalia kilichoandikwa, anaangalia kilichopo, anauliza tofauti iko wapi. Nahodha ana maelezo yake. Mfanyabiashara ana maelezo yake. Kila mmoja ana hadithi ya bahari kuchafuka na mali kupotea, na karani lazima aamue aandike ipi. Ukifanya hivyo miaka 18 utakuwa umesikia masimulizi ya kutosha vitabu kumi.

Rudi sasa kwenye Adili. Baba anakufa, ndugu watatu wanagawana urithi. Wawili wanakwenda kufanya biashara, wanarudi mikono mitupu. Adili anagawana nao tena mali yake, wanapakia jahazi, wanasafiri. Mtaji, hasara, mgawo, shehena. Hata majini yanaingia baada ya hesabu kukaa sawa. Tulipokuwa shule tuliyaruka hayo kumkimbilia Huria, kama bwana mdogo alivyomruka Saburi. Adili ilichapwa miaka minane baada ya mwandishi wake kuondoka forodhani, wakati huo akiwa karani ofisi ya serikali Tanga, lakini nikisoma nasikia kaunta.

Nilimweleza bwana mdogo haya yote huku anakula koni ya barafu. Akauliza swali moja tu.

"Saburi alipokwenda kwa Adili, alipewa kitu kidogo?"

"Hapana. Alikaribishwa vizuri, akakirimiwa, akarudi na kodi na habari aliyoiona."

"Kwa hiyo aliripoti."

"Aliripoti."

Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu karibu yetu alicheka mpaka akaangusha sindano. Tulipoinuka alitupeleka mwenyewe hadi kwenye kivuko, akamwambia mkata tiketi kwamba sisi ni wageni wake. Tukavuka Bweni, tukanywa chai, tukarudi. Bwana mdogo alivuka mara mbili zaidi na kijana wa kivuko wakati mimi nanunua samaki wa kukaanga, na hakudaiwa.

KURUDI, NA HESABU

Jumanne tulirudi Dar kwa njia ileile, basi jingine, saa saba barabarani, nililala kuanzia Muheza hadi Msata.

Mtoto wa miaka kumi analipa nauli kamili ya basi la mkoani kama anakalia kiti. Kwa watu wawili, nauli za mkoani kwenda na kurudi ni 68,000, gesti usiku wa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu 75,000, bajaji ya Machui 30,000, Pangani kwenda na kurudi 20,000. Chakula sikuandika chote; kisipungue 15,000 kwa siku kama mwenzako ana hamu ya kula ya bwana mdogo. Masika usiende, njia ya kuingia Machui ni ya udongo. Juni hadi Septemba ni kukavu na machungwa ya njiani ni ya bei ya kutupa.

Patana bajaji ya Machui kwenda na kurudi kabla hujapanda, na mwambie dereva utakaa muda mrefu. Beba sukari, sabuni, na kitabu chenyewe, maana utaombwa usome. Nakala ya elfu tano amekwenda nayo bwana mdogo kwa baba yake. Jana kaka kanipigia simu kuuliza mimi nimemfundisha nini mtoto, kila akichelewa kumpa hela ya daftari anaambiwa Saburi atatumwa.